Namba ya Deni

Karakana,
Jumapili asubuhi

Kaka yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Shemeji ameniambia umeanza kushuka ngazi bila kushikwa mkono, na kwamba ukishikwa unagomba, nikajua basi umepona. Watoto nao wanaendeleaje? Yule mkorofi wa mwisho mwambie shangazi yake bado anaikumbuka ile hesabu ya kugawanya aliyombishia kwenye simu, na jibu lilikuwa kumi na saba, si kumi na tisa. Mimi mzima. Macho yanawasha kidogo, lakini hayo ni ya kazi, hayana neno. Mafundi wangu wanne hawajambo, mashine zinaunguruma, mageti yanatoka.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la chuma, na nimemwambia akupe mkononi kesho, asimwachie mtu. Ningepiga simu, lakini tangu Ijumaa kila nikipiga unaanza kunihubiria kabla sijamaliza shikamoo. Karatasi haikatizwi, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kaka, kabla ya yote: usiende benki Jumanne. Umesema kwenye ujumbe wako kwamba laki sita umeshazikusanya na utazilipa kwa ile namba ya deni iliyo kwenye notisi ya ofisi ya kodi niliyokutumia picha. Kosa ni langu. Nilitaka uione tu notisi, nikasahau kwamba wewe ukiona deni la ndugu yako mkono unaingia mfukoni wenyewe. Asante, na Mungu akuzidishie. Lakini usilipe. Laki sita ninazo. Ninazo laki tisa, zimekaa tayari, faini ikiwemo. Nimeliacha hilo deni lisimame kwa makusudi, na naomba usome mpaka mwisho ndipo uniite kichaa.

Una haki ya kujua, maana jina lako liko kwenye mkataba wa kiwanja hiki. Unakumbuka miaka kumi na moja iliyopita mwenye kiwanja alivyokataa kunipangisha, eti mwanamke na mashine ya kuchomelea ataunguza mtaa mzima, mpaka ukaja wewe na tai yako ukaweka sahihi. Tangu siku hiyo sijaunguza hata kibanda. Na tangu siku hiyo zimepita robo mwaka arobaini na nne, nami nimelipa kodi ya serikali mara arobaini na nne. Niliwahi kuchelewa mara moja, ule mwaka niliolazwa, nikachelewa siku mbili. Nilipigwa faini ya siku mbili nikailipa, na sikumwomba mtu anipunguzie.

Wewe ni mtu wa mshahara, kodi yako inakatwa kabla hujaiona sura, kwa hiyo pengine hujui sisi wa mtaani tunavyoishi. Huku kila kitu kina bei mbili. Mteja akishapenda mlango, akishaupigapiga kwa kiganja na kuuliza kama chuma ni kizito, swali linalofuata ni moja: na risiti au bila risiti? Mlango wa laki tano bila risiti unakuwa laki tano na elfu tisini na risiti. Hizo elfu tisini ndizo za serikali. Mimi ninayo bei moja tu, ile ya pili, na ndiyo maana mtaa mzima unaniita Dada Risiti. Siyo sifa, kaka. Wanalitaja jina hilo kama watu wanavyomtaja mtu mwenye kigugumizi.

Jirani yangu wa pili, anayefanya kazi ileile ya mageti na grili, tunamwita Kiwiko kwa jinsi anavyowasukuma wenzake kwenye zabuni. Ni mcheshi, mkarimu, na fundi mzuri, nisimsingizie. Ila bei yake ni ile ya kwanza tu. Risiti kwake ni kitu cha kuelezwa, hajawahi kukiona. Mwaka huu mwanzoni alikuja mtu anayejenga nyumba za kupangisha, akataka grili arobaini na sita za madirisha. Laki moja kila moja. Akazitazama zangu akasema hajaona kazi safi kama hiyo. Nikamwandikia: milioni nne na laki sita, na kodi laki nane na elfu ishirini na nane. Akaikunja karatasi, akaniuliza hiyo risiti atapachika dirisha gani. Kesho yake nikaona chuma kinashushwa kwa Kiwiko. Niliwaachisha kazi mafundi wawili mwezi ule. Mmoja alikuwa na mimi tangu mwaka wa tatu.

Sasa miezi mitano iliyopita, siku ya Jumatano, wakaja watu wa ofisi ya kodi. Watatu, na gari. Wakaingia kwa Kiwiko asubuhi, wakatoka saa nane mchana, wakafunga mlango kwa kufuli lao na kubandika ilani nyekundu ya ukubwa wa mkeka wa mtoto. Iliandikwa kwa herufi kubwa kwamba mfanyabiashara huyu amekwepa kodi kwa miaka sita, na sita ile ikarudiwa kwa tarakimu kwenye mabano kana kwamba tungeisahau. Deni milioni arobaini na mbili, faini milioni ishirini na moja. Kufungiwa siku kumi na nne.

Walitaka tuogope, na wiki mbili zile tuliogopa. Mtaa una maduka na karakana ishirini na mbili. Kabla ya hapo, wanaotoa risiti bila kuombwa walikuwa tisa. Najua kwa sababu nilizunguka nikinunua vitu vidogo nisivyovihitaji na kunyamaza kuona kama nitapewa karatasi. Ndani ya zile siku kumi na nne nikazunguka tena, wakawa kumi na tisa. Muuza vitambaa alinikimbilia mpaka barabarani na risiti ya kifungo kimoja. Nilifurahi, kaka, sikufichi. Nilirudi karakana na soksi za mtoto nisiye naye na kitasa kisicho na mlango, nikawaambia mafundi kwamba sasa tutagombea kazi kwa bei moja, tuone nani fundi.

Kiwiko mwenyewe hakujificha. Aliweka kiti cha plastiki nje ya mlango uliofungwa, akakaa kama mgonjwa anayengoja kutazamwa. Watu wakawa wanapita kumpa pole. Yeye anawajibu kwamba amelazwa siku kumi na nne tu, na kwamba waache kumwonea huruma kwa sababu yeye angalau ameshapimwa, wao bado. Mtaa unacheka. Tena unacheka huku unaisoma ile ilani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, ila nami sikugundua siku ile.

Ofisi iliandika miaka sita ili Kiwiko aone haya. Watu wakaisoma kama ratiba ya usafiri. Kumbe inachukua miaka sita kukamatwa! Nilimsikia muuza misumari akimwambia mwenzake kwamba yeye ana mwaka wa pili, bado mbichi kabisa. Na wale tuliokuwa tukilipa, ambao kila mmoja alidhani wengi wanalipa kama yeye, tukaanza kutazamana. Ikiwa mtu mwenye karakana kubwa kuliko zote amekaa miaka sita bila kutoa hata senti, na hakuna aliyeona, basi sisi tumekuwa tukimlipia nani?

Siku ya kumi na nne kufuli likatolewa. Kiwiko akarudi kutoka ofisini na karatasi, na hakuificha, aliitembeza duka kwa duka kama mtu aliyefaulu mtihani. Amepewa unafuu. Ndilo neno lililoandikwa juu, unafuu. Faini yote imefutwa. Deni lenyewe limepunguzwa, katika kila mia atalipa sitini. Jumla milioni ishirini na tano na laki mbili, kwa awamu ishirini na nne, kila mwezi milioni moja na elfu hamsini, bila riba.

Nikachukua kalamu. Milioni arobaini na mbili utoe ishirini na tano na laki mbili, zinabaki kumi na sita na laki nane. Nikamtolea hasara ya kufungwa siku kumi na nne, nikaiweka milioni moja na laki mbili, ingawa najua alikuwa akipitisha kazi kwa mlango wa nyuma. Nimemtolea hata hiyo nisije nikaitwa mwonevu. Zinabaki milioni kumi na tano na laki sita. Hiyo ndiyo faida ya kukwepa kodi miaka sita, ukikamatwa, kaka. Nasema ukikamatwa! Mwezi uliofuata alishusha mashine mpya ya kukunja chuma, mpya kabisa, yenye nailoni bado. Na alipopita mbele yangu akasimama, akaweka mkono kiunoni, akaniuliza kwa upole kabisa, Dada Risiti, wewe mwenzangu walikupunguzia ngapi?

Mafundi wangu walicheka. Sikuwalaumu. Swali lilikuwa zuri.

Kuna jirani yangu wa upande wa kushoto, muuza rangi. Tunamwita Mama Rangi. Huyo alikuwa mwenzangu katika wale tisa, miaka yote, na tulikuwa tukienda kulipa siku moja, tukisaidiana foleni. Wiki mbili baada ya unafuu akaja kwangu na kikokotoo chake mkononi, akakaa kwenye ndoo ya rangi, akaniambia amekuja kuniaga. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema haendi popote, ananiaga kwenye foleni. Akanipigia hesabu mbele yangu: miaka sita bure, kisha sitini kwa mia, tena kidogo kidogo, bila riba. Akasema mkopo kama huo benki hawautoi hata kwa mtoto wa mwenye benki. Nikamwambia hiyo ni haramu. Akasema anajua, wala hana hasira na mtu, ila amechoka kuwa mjinga anayetoa pesa ili mwerevu apunguziwe. Nikakichukua kikokotoo chake nikapiga hesabu upya, na tarakimu zote zilikuwa upande wake.

Nikazunguka tena mtaani na chenji zangu. Wanaotoa risiti walikuwa wanne. Mwezi uliopita nikazunguka mara ya mwisho, wawili. Mimi na mzee mmoja fundi saa, naye nadhani ni kwa kuwa hasikii vizuri, habari hazijamfikia.

Hapo ndipo nilipokwenda ofisini. Nilivaa ile suti ya kijivu uliyosema inanifanya nifanane na hakimu. Nilikwenda na risiti zangu zote za malipo za miaka sita, milioni thelathini na sita kwa jumla, nimezifunga kwa waya. Dirisha la tatu kuna binti mmoja mpole, macho yamechoka. Nikamwambia naomba na mimi nipewe unafuu. Akauliza deni langu ni kiasi gani. Nikamwambia sina deni, nimelipa yote. Akatabasamu akadhani namtania. Nikamweleza: jirani yangu kalipa sitini kwa mia, mimi nimelipa mia kwa mia, tena mapema, arobaini kwa mia ya milioni thelathini na sita ni milioni kumi na nne na laki nne, nimekuja kuzichukua, na kama ni awamu, hata awamu ishirini na nne nitapokea.

Binti akaniambia unafuu ni wa wakosaji tu. Nikasema basi nipe fomu ya malalamiko. Akabonyeza, akabonyeza, akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee. Kisanduku cha kwanza cha fomu kinasema: namba ya deni. Bila hiyo havifunguki visanduku vingine. Akaniambia kwa unyonge, mama, huna namba ya deni, kwa hiyo mfumo haukutambui.

Kaka, rudia kuisoma hiyo sentensi. Miaka kumi na moja, mara arobaini na nne, na mfumo haunitambui kwa sababu sijawahi kuwaibia.

Wakaniita kwa bosi wao, mtu mzima, mwenye adabu. Akanieleza kwamba ni afadhali kupata sitini kutoka duka lililo hai kuliko kudai mia kutoka duka lililokufa. Nikamwambia hesabu yake kwa Kiwiko ni sahihi, sina neno. Ila amehesabu duka moja, na sisi tuko ishirini na mbili. Nikampigia hapohapo nyuma ya bahasha: walikuwa wakilipa tisa, sasa wawili. Saba wametoka. Kila mmoja tumweke milioni mbili na nusu kwa mwaka, hiyo ni kumi na saba na nusu. Kwa miaka miwili ya awamu za Kiwiko ni milioni thelathini na tano. Wamevuna ishirini na tano, wamepoteza thelathini na tano, na bado wanamwita Kiwiko somo kwa wengine. Ni somo kweli, na darasa zima limefaulu. Akaivuta bahasha, akaipitia hesabu kwa kidole. Kisha akasema hoja yangu ni nzuri, lakini lazima ipite njia zake, na njia inaanzia kwenye namba ya deni.

Basi nikatafuta namba ya deni.

Kodi yangu ya robo mwaka hii ilikuwa milioni moja na nusu. Nikalipa laki tisa, sitini kwa mia kamili, na kiambatisho cha ukurasa mmoja kueleza kwamba nimejikadiria kwa kiwango cha jirani yangu. Laki sita zilizobaki nikaziweka pembeni. Baada ya siku tisa, notisi hiyo hapo. Tarakimu kumi na moja, nzuri kuliko namba yoyote niliyowahi kupewa. Nikarudi dirisha la tatu, binti akaiingiza, na visanduku vyote vikafunguka kimoja baada ya kingine. Hata yeye alicheka, akaziba mdomo. Nimesajili pingamizi. Kikao ni Alhamisi hii saa nane mchana, mbele ya watu watatu wa baraza la rufaa, na ni kikao cha wazi, anayetaka kuja aje. Mpaka hapo hawaruhusiwi kunifungia.

Ila binti alinionya jambo moja, na ndilo lililonikalisha kuandika leo. Deni likilipwa na mtu yeyote, hata senti ya mwisho ikiingia kwa bahati mbaya, faili linajifunga lenyewe na kikao kinafutwa. Mtu asiye na deni hana la kusikilizwa. Sasa unaona laki sita zako za Jumanne zitanifanyia nini.

Najua utauliza nikishindwa je. Nikishindwa nitalipa laki sita na faini laki tatu, siku hiyohiyo, dirishani, na nikipewa karatasi ya unafuu nitaikataa mbele yao. Wakinifungia siku kumi na nne, mishahara ya mafundi wangu ya siku hizo nimeshaitenga. Nimehesabu mpaka umeme. Na baraza nitaliomba moja kati ya mawili: ama wanirudishie zile milioni kumi na nne na laki nne, ama waniandikie kwa muhuri kwa nini anayelipa alipe zaidi ya anayeiba. Hayo maandishi nitayabandika mlangoni pangu, ukubwa uleule wa mkeka wa mtoto. Mtaa ukisoma na kuridhika, mimi nitanyamaza maisha.

Sasa kaka, lipo lingine, na hili sijawahi kulisema kwa mtu aliye nje ya mtaa huu.

Mbele ya karakana ya Kiwiko yupo fundi sofa. Wiki moja kabla ya kufungiwa, yeye na Kiwiko waligombana, cheche za mashine ya Kiwiko ya kukatia chuma zilikuwa zimeunguza kitambaa cha mteja. Fundi sofa alipaza sauti kwamba iko siku Kiwiko atapata wa kumkomesha. Watu wakaja kuliunganisha neno hilo na lile gari la ofisi ya kodi, wakaamua yeye ndiye aliyemchongea. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumpelekea viti. Nje kwake palikuwa hapakosi makochi kumi, kumi na moja, yanangoja. Sasa hivi nikichungulia naona mawili, na moja ni lake mwenyewe, anakalia. Asubuhi anasalimia, watu wanatazama simu zao. Mke wake ameanza kushona sare za watu mtaa wa tatu.

Si yeye, kaka. Ni mimi. Siku chuma cha zile grili arobaini na sita kiliposhushwa kwa Kiwiko, nilirudi ndani nikafunga mlango wa stoo, nikaiandikia ofisi ya kodi kurasa mbili bila jina, na ndani yake nikaweka idadi ya malori aliyoshusha kwa miaka sita, mageti aliyotoa, na makadirio ya mauzo na ya kodi yake. Walipotangaza milioni arobaini na mbili, mimi nilikuwa nimewaandikia arobaini na moja na nusu. Niliijua hesabu ile kabla haijabandikwa mlangoni.

Sijutii kuandika. Aliiba, na alikuwa akiniibia mimi kwa kila mlango. Nilifikiri akiadhibiwa mmoja wengine wataingia kwenye mstari na bei itakuwa moja, basi. Nilimhesabu Kiwiko peke yake, nikasahau kwamba watu wengine nao wanajua kuhesabu. Kumbe nilichofanya ni kuipa ofisi nafasi ya kutangaza punguzo mtaa mzima. Hilo ni lao, nitawatupia Alhamisi. Lakini ile miezi mitano niliyokaa nikimtazama fundi sofa anakalia kochi lake mwenyewe, huku nikihesabu risiti za watu, hiyo ni yangu. Sina wa kumtupia.

Jana nilikwenda kwake. Alikuwa anapigilia kitambaa kwenye kiti, amebana misumari midogo midomoni kama wafanyavyo, kwa hiyo alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilipomaliza akaitoa misumari mmoja mmoja, akaipanga mezani. Nilidhani atanirushia. Akauliza kama nimekuja kumwambia yeye tu, pale kwenye pamba na vumbi, au nitalisema mbele ya watu. Nikamwambia litakuwa la kwanza nitakalolisema Alhamisi saa nane, na nimeshaandika tangazo la kikao kwenye mlango wangu ili Kiwiko, Mama Rangi na mtaa wote waje. Akasema atafunga duka aje. Kisha akacheka kile kicheko kisicho na furaha, akasema hata hivyo hakuna la kufunga. Akaniomba niondoke, sura yangu asiione mpaka siku hiyo. Nikaondoka.

Kwa hiyo kaka, ukilipa Jumanne hutakuwa umeniokoa. Utakuwa umefuta kikao, na pale mtaani nikisimama kusema bila kikao watasema Dada Risiti ameshalipiwa na kaka yake na sasa anatafuta sifa. Nataka niliseme pale, kwenye karatasi zao, mwandishi wa baraza aliandike, na fundi sofa apewe nakala. Baada ya hapo wateja wakinisusa mimi, wanisuse. Nilianza na mashine moja ya kukodi, najua njia ya kurudi huko na najua ya kutoka.

Kama goti linaruhusu, panda basi Jumatano. Keti mstari wa mbele, na ile tai yako, ili wakiuliza huyu mwanamke ni wa nani wamwone mtu. Pesa iache nyumbani.

Msalimie shemeji sana, mwambie yale mapazia nimeyapokea na nimeyatundika. Watoto nao wasalimu mmoja mmoja, usiwajumlishe. Mafundi wangu wanakuamkia. Dereva wa lori ameanza kupiga honi, naishia hapa.

Mdogo wako,
mwenye deni